Jinsi ya Kulinganisha Waya za Spika na Kebo za Sauti Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Msikilizaji wa Lamu

Karibu kila anayebadilisha waya za spika hapa Lamu huniambia maneno yale yale: "Fundi, sauti imefunguka!" Baada ya miezi michache anarudi kulalamika kuwa redio imekuwa ile ile ya zamani, au imezidi kuharibika, na anaamini aliuziwa waya bandia. Mara nyingi waya haina kosa. Ulinganisho wenyewe ndio uliokwenda kombo tangu mwanzo.

Alipochomoa waya ya zamani, alikwangua kutu kwenye vishikizo (pale waya inapobanwa kwenye amplifaya na spika) bila kukusudia. Alipowasha tena, kitufe cha sauti hakikurudi pale pale. Tena alijua fika ni waya gani inayocheza, na alikuwa ameilipia. Mambo matatu yamebadilika kwa mpigo, lakini sifa zote kapewa waya.

Mwongozo huu unayatenganisha moja moja. Safisha kwanza, pima pili, sikiliza mwisho. Anayeanza na kusikiliza atanunua waya kila mwaka.

## Vifaa vya kuweka tayari

Usianze mpaka viwe mkononi, maana kukatiza kazi katikati ndiko kunakoharibu ulinganisho.

- Waya mbili unazotaka kulinganisha, zenye urefu sawa, jozi moja kwa kila spika.
- Maltimita ya kawaida ya fundi wa stima, inayopima volti za AC.
- Simu yenye programu ya kutoa mlio wa hezi 200, pamoja na kebo ya kuichomeka kwenye amplifaya.
- Spiriti ya dukani, pamba, na msasa laini sana.
- Wembe au kisu kidogo, koleo na bisibisi.
- Betri moja ya volti 1.5.
- Tepu nyeusi, kalamu na daftari.
- Msaidizi mmoja mwenye subira.

## Hatua ya 1: Tayarisha chumba

Zima pangaboi na friji. Funga madirisha yanayoelekea njiani. Chagua saa tulivu, baada ya isha kwa mfano, watu wakiwa wametulia majumbani.

Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Sauti hupiga kuta mbili zilizo karibu na kurudi haraka. Ukisogeza kiti kidogo tu, besi hubadilika kuliko waya yoyote inavyoweza kuibadilisha. Kwa hiyo weka alama ya tepu sakafuni pale miguu ya kiti ilipo, na nyingine chini ya kila spika. Kuanzia hapa, hakuna kinachosogezwa.

Kwenye amplifaya, rudisha besi na trebo katikati na uzime madoido yote ya kuongeza sauti.

Utajua umefaulu ukikaa kimya kwa dakika moja na usisikie mvumo wowote unaokukera.

## Hatua ya 2: Safisha viungo vyote, vya waya zote mbili

Hii ndiyo hatua inayorukwa na watu wengi, na kwa pwani ndiyo yenye uzito kuliko zote. Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Wakati wa kusi upepo wa bahari huingia mpaka ndani, na shaba iliyo wazi hupoteza mng'aro, ikawa kahawia, kisha nyeusi, kisha ikaota unga wa kijani. Tabaka hilo huzuia umeme mdogo wa muziki. Wakati mwingine halizuii moja kwa moja, linapitisha na kukatiza, na ndiyo maana spika moja hukwaruza ukiigusa waya.

Zima amplifaya na chomoa plagi ukutani. Subiri dakika chache, kisha fanya hivi:

1. Chomoa waya ya zamani. Angalia ncha zake. Ikiwa shaba ni nyeusi au ya kijani, usiisugue. Ikate, kisha menya plastiki mpya. Kutu hupenya chini ya plastiki, kwa hiyo endelea kukata sentimita mbili mbili mpaka ukutane na shaba inayong'aa.
2. Futa vishikizo vya amplifaya na vya spika kwa pamba yenye spiriti. Kama pamba inatoka na rangi ya kijani, rudia. Msasa tumia kidogo mno, na kamwe usiupitishe kwenye plagi iliyopakwa dhahabu, utaiondoa dhahabu yenyewe.
3. Menya ncha za waya mpya pia, kiasi cha sentimita moja, na uzisokote ziwe kitu kimoja. Unywele mmoja wa waya ukichomoza na kugusa kishikizo cha jirani, amplifaya inaweza kuungua.
4. Kaza skrubu. Vuta waya polepole. Isitoke wala isicheze.

Usipake risasi ya kulehemu kwenye ncha zitakazobanwa na skrubu. Risasi ni laini, hulegea taratibu chini ya mgandamizo, na baada ya miezi kiungo kinacheza. Shaba tupu iliyosokotwa na kubanwa vizuri inashika zaidi.

Utajua umefaulu redio ikicheza na msaidizi akaitikisa kila waya karibu na kiungo, bila sauti kukatika wala kukwaruza.

Baada ya hatua hii, rudisha waya yako ya zamani na usikilize siku mbili tatu kabla ya kuendelea. Watu wengi huishia hapa kwa furaha, maana walichokuwa wakikitafuta dukani kilikuwa kwenye kiungo chenye kutu.

## Hatua ya 3: Hakikisha ni shaba kweli

Siku hizi zimejaa waya zenye ngozi ya shaba na moyo wa aluminiamu. Kwa macho zinafanana na shaba tupu. Kwa kazi hazifanani: kwa unene ule ule, ukinzani wake, yaani jinsi zinavyozuia umeme kupita, ni takriban mara moja na nusu ya shaba, na zikikatwa kwenye hewa ya chumvi ncha zake huharibika haraka.

Chukua unywele mmoja wa waya. Ulaze juu ya kucha, ukwangue kwa ubavu wa wembe. Ukiona wekundu mpaka ndani, ni shaba. Ukiona weupe unachomoza chini ya wekundu, ni aluminiamu. Usichanganye na waya ya mashua, iliyo nyeupe nje na nyekundu ndani: hiyo ni shaba iliyopakwa bati, na kwa mazingira yetu ni waya nzuri sana kwa sababu bati linaikinga shaba na chumvi.

Uzito pia unasema. Shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya aluminiamu kwa ujazo ule ule, kwa hiyo roli la aluminiamu utalihisi jepesi mkononi.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika kwenye daftari, kwa kila waya: ni ya nini, unene wake, na urefu wake.

## Hatua ya 4: Fanya hesabu kabla ya kusikiliza

Waya ya spika ina kazi moja kubwa: kupitisha umeme bila kuupunguza. Kinachoupunguza ni ukinzani, nao unategemea unene, urefu na madini. Kanuni wanayoitumia mafundi ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya ukinzani ulioandikwa nyuma ya spika. Ukinzani hupimwa kwa omu: spika ya omu 8 inavumilia omu 0.4. Ya omu 6 inavumilia 0.3. Ya omu 4 inavumilia 0.2 tu.

Tuseme spika iko mita 6 kutoka kwenye amplifaya, umbali wa kawaida katika vyumba vyetu virefu. Umeme unakwenda mita 6 na kurudi mita 6. Kwa shaba laini ya nyuzi nyingi, utapata takriban hivi:

- Waya ya milimita mraba 0.5: omu 0.47
- Ya 0.75: omu 0.31
- Ya 1.5: omu 0.16
- Ya 2.5: omu 0.10

Soma orodha hiyo taratibu. Ile waya nyembamba inayokuja bure ndani ya boksi la redio mara nyingi iko karibu na 0.5 au chini yake, na kwa mita 6 imeshavuka mpaka hata kwa spika ya omu 8. Ile ya 0.75 inafaa kwa spika ya omu 8 lakini haifai kwa omu 4. Ya 1.5 inatosha kwa zote. Ile 1.5 ikiwa ni ya aluminiamu iliyopakwa shaba, hesabu inapanda mpaka karibu omu 0.24, na spika ya omu 4 haipati haki yake.

Umbali ukiwa mita 2, gawanya namba hizo kwa tatu. Utaona kwamba karibu waya yoyote ya shaba inatosha, na hapo sioni sababu ya mtu kutoa pesa nyingi.

Utajua umefaulu ukiweza kutabiri, kabla hujasikia chochote, kama waya mbili zako zinapaswa kutofautiana au la. Zote zikiwa chini ya nusu ya kiwango kinachoruhusiwa, tarajia kutosikia tofauti.

## Hatua ya 5: Unganisha na uhakikishe chanya na hasi

Spika moja ikigeuzwa, nyekundu kwa nyeusi, moja itasukuma hewa huku nyingine ikivuta. Besi hupotea na sauti ya mwimbaji hukosa mahali pa kukaa. Watu wengi wameilaumu waya mpya kwa kosa hili peke yake.

Ili kuhakikisha, chomoa waya kwenye amplifaya. Kwa sekunde moja tu, gusisha ncha ya chanya kwenye upande wa chanya wa betri ya volti 1.5, na ncha ya hasi kwenye upande wa hasi. Msaidizi atazame koni ya besi. Ikitoka nje, waya iko sawa. Ikiingia ndani, umegeuza. Fanya kwa spika zote mbili, na zote zitoke nje.

Amplifaya ikiwa imewashwa, usichomoe wala usichomeke waya ya spika. Kila unapobadilisha, zima kwanza, hata kama unaona inachosha.

## Hatua ya 6: Sawazisha sauti kwa maltimita

Sikio la binadamu lina tabia moja ambayo ni lazima uijue: sauti iliyo juu kidogo tu hatuioni kuwa ipo juu, tunaiona kuwa ni bora. Tunasema ina uhai, ina uwazi, ina besi nzuri. Hata tofauti isiyofika nusu desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) inaweza kutupotosha hivyo, bila ya sisi kujua kuwa tunachosikia ni ukubwa wa sauti tu.

Fanya hivi. Chomeka simu kwenye amplifaya na ucheze mlio wa hezi 200. Nachagua hezi 200 kwa sababu maltimita za bei ndogo husoma vizuri volti za masafa ya chini, na huanza kudanganya masafa yakipanda. Weka maltimita kwenye volti za AC na uguse vishikizo vya spika yenyewe, siyo vya amplifaya. Pandisha sauti polepole mpaka isome karibu volti 2. Mlio utakuwa wa kukera lakini hautaidhuru spika.

Andika namba hiyo. Kisha zima, weka waya ya pili, washa bila kugusa kitufe cha sauti, na upime tena.

Kwa mfano wetu wa mita 6 na spika ya omu 8, amplifaya ikitoa volti 2.00, waya ya 0.5 itakuonyesha karibu volti 1.89 kwenye spika, na ya 2.5 karibu volti 1.98. Tofauti hiyo ni takriban desibeli 0.4. Hiyo ndiyo ile "sauti imefunguka".

Sasa sawazisha: ukiwa na waya nyembamba, pandisha kitufe mpaka maltimita isome 1.98 kama ile nene. Lenga tofauti isiyozidi volti 0.02. Weka alama ya kalamu kwenye kitufe, au kama ni cha dijitali andika namba yake. Kila waya sasa ina alama yake, na kila ukibadilisha waya unarudi kwenye alama hiyo.

Onyo: shikilia ncha za maltimita kwa uangalifu zisigusane zikiwa kwenye vishikizo. Zikigusana, umeme wa amplifaya umepata njia ya mkato na inaweza kuungua.

Utajua umefaulu maltimita ikisoma namba moja kwa waya zote mbili, kila upande.

## Hatua ya 7: Badilishana pande

Hatua hii haihitaji kifaa chochote, na inaumbua uongo mwingi. Weka waya ya kwanza kwenye spika ya kushoto na ya pili kwenye ya kulia. Cheza rekodi ya mtu mmoja anayezungumza au kuimba, katikati ya spika mbili. Sikiliza kwa zamu kwa kitufe cha balansi. Huenda ukasema ya kulia ina sauti nyororo zaidi.

Zima. Badilishana waya, spika zibaki pale pale. Sikiliza tena.

Ule ulaini ukihamia kushoto, waya ina lake. Ukibaki kulia, unasikia spika au chumba. Katika nyumba nyingi za mji wa kale upande mmoja una ukuta wenye zidaka (vishubaka vya ukutani) na mwingine una mlango unaofunguka kiwandani, yaani uani, kwa hiyo pande mbili hazilingani hata siku moja. Hapo jaribu kuweka zulia au pazia zito kabla ya kufikiria waya.

## Hatua ya 8: Sikiliza bila kujua

Sasa ndipo masikio yanapopewa kazi. Chagua kipande kifupi cha muziki unaoujua kama njia ya kwenu. Mimi napenda taarab ya zamani yenye udi na fidla, kwa sababu mguso wa uzi wa udi una mwanzo mkali na mwisho mrefu, na fidla huonyesha ukali wa juu mara moja. Usitumie wimbo mzima. Chukua nusu dakika ile ile na uirudie. Kumbukumbu ya sauti ni fupi, na kipande kirefu kinakupa nafasi ya kujitungia.

Tega mgongo kwa amplifaya au toka chumbani wakati msaidizi anabadilisha. Kila zamu msaidizi arushe sarafu: kichwa ni waya ya kwanza, upande wa pili ni waya ya pili. Kila zamu azime, achomoe na achomeke hata kama sarafu imeleta waya ile ile, ili kelele za kazi zisikuambie kitu. Aandike kwenye daftari lake, na arudishe kitufe kwenye alama ya waya hiyo. Asiseme neno, na akae mahali usipomwona uso, maana macho ya mtu husema.

Wewe andika jibu lako kila zamu. Fanyeni zamu 10. Ukichoka, pumzika na muendelee kesho.

Linganisheni daftari mwisho, siyo katikati. Mtu anayebahatisha tu hupata karibu 5. Kupata 7 kwa bahati ni jambo la kawaida. Kupata 9 au zaidi kwa bahati hutokea takriban mara 1 katika 100, kwa hiyo ukifika 9, kuna tofauti ya kweli na unafaa kuitafutia sababu. Rudi hatua ya 2 na ya 6 kwanza, kwa sababu kiungo kilicholegea na sauti isiyosawazishwa ndio washukiwa wa kwanza.

Ukipata 5 au 6, hilo nalo ni jibu kamili. Chukua waya ya bei ndogo kati ya hizo mbili, na pesa iliyobaki weka kwenye spika.

## Kebo za plagi nyekundu na nyeupe

Kebo za RCA zinazounganisha simu, deki au tivi na amplifaya ni rahisi zaidi kulinganisha. Nunua kigawanyo kinachotoa njia mbili kutoka kwenye chanzo kimoja. Kebo ya kwanza iende kwenye AUX, ya pili kwenye CD. Msaidizi anageuza kitufe cha kuchagua, nawe unasikia tofauti papo hapo bila kuzima chochote. Usizichomeke kwenye njia ya santuri, hiyo huongeza sauti mara nyingi zaidi na inaweza kudhuru spika.

Urefu mfupi wa nyumbani haubadilishi muziki wenyewe. Kinachotofautisha kebo hizi ni kinga dhidi ya mvumo na ushikaji wa plagi. Simamisha muziki, pandisha sauti kidogo, sikiliza. Mvumo wa chini usiokoma ni stima ya hezi 50 inayoingia. Tenga kebo na waya za stima, na zikilazimika kukutana zikatizane kama msalaba, zisilale pamoja. Mvumo ukibaki, chomoa vyombo kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji.

Kamwe usikate wala usichomoe waya ya athi (ile inayokwenda ardhini) kwenye plagi ya pini tatu ili kuondoa mvumo. Waya hiyo ipo kulinda uhai wa watu wa nyumbani kwako.

Mwenye mashine ya santuri ajue kwamba kwake kebo ndefu inaweza kweli kubadilisha sauti za juu, kwa sababu sindano nyingi za kawaida huathiriwa na uwezo wa kebo kuhifadhi chaji. Atumie fupi kadiri inavyofika.

Kebo za HDMI, USB na zile za mwanga hupitisha namba. Zikiwa nzima, muziki unafika wote. Zikiharibika utasikia kukatika au kimya, hutasikia besi iliyopungua.

## Kufunga kwa kudumu

Ukishachagua, acha waya ya ziada kidogo kila ncha, kiasi cha kukatwa mara kadhaa siku za mbele kutu itakaporudi. Kaza viungo, kisha paka nje yake mafuta ya mgando ya kujipaka, kiasi kidogo tu, kuzuia unyevu. Usiyapake kabla ya kukaza. Pitisha waya juu ya sakafu, mbali na maji ya kuosha nyumba, na usiibane chini ya mguu wa kabati.

Andika kwenye tepu tarehe na unene wa waya, uibandike nyuma ya amplifaya. Kusi ikiisha, mwezi wa Oktoba hivi, fungua kiungo kimoja ukitazame. Kikiwa bado chekundu na kinang'aa, vingine viache. Kikianza kuwa cheusi, kata sentimita mbili, menya, kaza upya, na upime tena kwenye vishikizo vya spika kama ulivyofanya katika hatua ya 6.